Wanawake miongoni mwa waandishi wa utafiti wa tiba

Wanawake miongoni mwa waandishi wa utafiti wa tiba ni suala linalohusu idadi na nafasi ya wanawake katika orodha za majina zinazotangulia makala za kisayansi za madaktari na watafiti wa afya. Makala hizo huchapishwa katika majarida maalumu, na ndizo zinazotumiwa kuamua dawa ipi itumike, nani apandishwe cheo chuoni na nani apewe fedha za utafiti unaofuata.

Tangu mwaka 1970 wanawake wameongezeka sana katika orodha hizo, lakini ongezeko halikuwa sawa kila mahali. Ni kubwa zaidi mwanzoni mwa orodha kuliko mwishoni, na ni kubwa zaidi katika tiba ya watoto kuliko katika upasuaji. Katika majarida yanayosomwa zaidi duniani lilipungua kasi kuanzia mwaka 2009 hivi. Wengi wamezoea kusema kwamba muda utasawazisha mambo wenyewe, kwa kuwa wasichana wamejaa katika vyuo vya tiba. Takwimu zilizopo hazikubaliani vizuri na hoja hiyo.

Maana ya nafasi katika orodha

Katika hisabati na katika baadhi ya matawi ya uchumi, majina ya waandishi hupangwa kwa alfabeti, kama orodha ya mahudhurio darasani. Katika tiba sivyo. Jina la kwanza ni la mtu aliyefanya sehemu kubwa ya kazi: aliyekusanya data, aliyezichambua na kuandika rasimu. Mara nyingi huyo ni kijana kiasi, mwanafunzi wa uzamivu au daktari anayesomea ubingwa. Jina la mwisho ni la mkubwa wa kundi: mwenye maabara, profesa, au aliyeomba na kupata ruzuku. Waliotajwa katikati walichangia sehemu fulani, na sifa wanayopata ni ndogo zaidi.

Kwa hiyo kuhesabu wanawake wote kwa pamoja hakutoshi. Jarida linaweza kuwa na wanawake wengi katikati ya orodha huku majina ya mwisho karibu yote yakiwa ya wanaume. Mwandishi wa kwanza huonyesha nani anaingia katika fani. Mwandishi wa mwisho huonyesha nani ana uwezo wa kuamua swali gani lichunguzwe, kwa fedha ya nani, na nani aajiriwe kulichunguza.

Nani anastahili kuitwa mwandishi? Kanuni inayofuatwa zaidi ni ile ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, kundi lililoanzia katika mkutano wa wahariri uliofanyika Vancouver, Kanada, mwaka 1978. Kanuni hiyo ina masharti 4: kuchangia kwa kiasi kikubwa wazo la utafiti au data zake, kushiriki kuandika au kusahihisha, kukubali toleo la mwisho, na kuwa tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Anayekusanya data tu huwekwa katika sehemu ya shukrani. Kanuni yenyewe inaonya kwamba isitumiwe kumnyima mtu nafasi ya kusoma na kusahihisha rasimu, kisha kumwambia kwamba hakutimiza sharti la kuisahihisha. Onyo hilo lina sababu. Katika hospitali nyingi wauguzi na wasaidizi wa utafiti wanaohoji wagonjwa ni wanawake, na ni rahisi kazi yao kuishia kwenye mstari wa shukrani.

Hesabu ya miaka 35

Utafiti uliofungua mjadala ulichapishwa mwaka 2006 katika The New England Journal of Medicine, ukiongozwa na Reshma Jagsi, daktari wa tiba ya saratani kwa mionzi nchini Marekani. Yeye na wenzake walichukua majarida 6 mashuhuri na kuhesabu waandishi wa miaka ya 1970, 1980, 1990, 2000 na 2004. Walihesabu madaktari waliofanya kazi katika taasisi za Marekani pekee, hivyo namba zao haziielezi dunia nzima.

Mwaka 1970 wanawake walikuwa asilimia 5.9 ya waandishi wa kwanza na asilimia 3.7 ya waandishi wa mwisho. Mwaka 2004 walikuwa asilimia 29.3 na asilimia 19.3. Ongezeko hilo ni kubwa. Lakini miaka 34 ilikuwa imepita, muda unaotosha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kumaliza masomo, kuwa bingwa, kuwa profesa na kukaribia kustaafu.

Majarida hayohayo yalikuwa na kurasa za tahariri za wageni, ambazo haziombwi na mwandishi. Mhariri ndiye anayemwalika mtu anayemwona kuwa na uzito. Mwaka 2004 wanawake waliandika asilimia 11.4 ya tahariri hizo katika The New England Journal of Medicine na asilimia 18.8 katika JAMA. Pale ambapo mtu anachaguliwa na mwingine kwa sababu ya jina lake, wanawake walikuwa wachache zaidi kuliko pale wanapotuma kazi yao wenyewe. Mwaka 2018, Luke Holman, Devi Stuart-Fox na Cindy Hauser, waliokuwa Australia, walichambua majina ya waandishi zaidi ya milioni 36 kutoka nchi zaidi ya 100 na kukuta jambo linalofanana: wanaume hualikwa na majarida kuandika kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wanawake.

Tofauti kati ya fani

Utafiti wa mwaka 2006 ulionyesha pia kwamba "tiba" si kitu kimoja. Katika jarida la tiba ya watoto, The Journal of Pediatrics, wanawake walitoka asilimia 15.0 ya waandishi wa kwanza mwaka 1970 hadi asilimia 38.9 mwaka 2004, na kutoka asilimia 4.3 ya waandishi wa mwisho hadi asilimia 38.0. Hapo mwanzo na mwisho wa orodha vilikuwa vimekaribia kulingana, jambo lisilo la kawaida.

Katika jarida la magonjwa ya wanawake na uzazi, Obstetrics & Gynecology, waandishi wa kwanza wanawake walifika asilimia 40.7, lakini wa mwisho walifika asilimia 28.0 tu. Hii ni fani ambayo wagonjwa wake wote ni wanawake.

Katika upasuaji hali ilikuwa tofauti kabisa. Annals of Surgery ilianza mwaka 1970 na asilimia 2.3 ya waandishi wa kwanza na asilimia 0.7 ya waandishi wa mwisho. Mwaka 2004 ilikuwa na asilimia 16.7 na asilimia 6.7. Kwa maneno mengine, kati ya waandishi wa mwisho 15, mwanamke alikuwa 1. Holman na wenzake walipokadiria miaka iliyobaki kabla ya usawa kufikiwa, waliutaja upasuaji pamoja na fizikia, hisabati na sayansi ya kompyuta miongoni mwa fani ambazo pengo lake litadumu kwa vizazi.

Mara nyingi hudaiwa kwamba wanawake hawapendi upasuaji kwa sababu ya saa nyingi za kazi na zamu za usiku. Dai hilo haliwezi kuwa jibu zima. Ukunga na uzazi una zamu za usiku pia, kwa kuwa watoto hawachagui saa za kuzaliwa, na bado wanawake wamejaa katika fani hiyo. Upasuaji hujifunzwa kwa kusimama kando ya bingwa mmoja kwa miaka, naye ndiye anayeamua nani ashike kisu leo na nani aandike ripoti ya wagonjwa wake kesho. Mwanafunzi asiyechukuliwa chini ya ulezi wa mkubwa hukosa mafunzo na makala kwa pamoja.

Ongezeko lilipokwama

Mwaka 2016 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti wa Giovanni Filardo na wenzake kuhusu waandishi wa kwanza katika majarida 6 makubwa kati ya mwaka 1994 na 2014. Walifanikiwa kutambua jinsia katika makala 3,758 kati ya 3,860. Kwa jumla wanawake walipanda kutoka asilimia 27 hadi asilimia 37. Lakini sehemu kubwa ya kupanda huko ilikuwa ya miaka ya mwanzo; tangu 2009 mstari ulilala, na katika baadhi ya majarida ulionyesha dalili ya kushuka.

Wakati huohuo wanafunzi wanawake waliendelea kuongezeka. Nchini Marekani wanawake walizidi nusu ya wanaoanza masomo ya udaktari mwaka 2017, na mwaka 2019 walizidi nusu ya wanafunzi wote wa udaktari. Katika kipindi hichohicho walikuwa takriban robo ya maprofesa kamili wa vyuo vya tiba na asilimia 18 ya wakuu wa idara. Kama muda pekee ungetosha, mistari hii ingepanda pamoja, hata kama mmoja ungechelewa nyuma ya mwingine. Mstari unaolala wakati ule unaoutangulia bado unapanda unaashiria kwamba kuna kizuizi katikati.

Janga la UVIKO-19 lilikuwa jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Shule zilipofungwa mwaka 2020, kazi za nyumbani na malezi viliongezeka ghafla, na wakati uleule majarida yalihitaji makala haraka kuliko wakati wowote. Jens Peter Andersen na wenzake walichunguza makala 1,893 za tiba kuhusu UVIKO-19 na kuzilinganisha na makala za mwaka 2019 katika majarida yaleyale. Sehemu ya waandishi wa kwanza wanawake ilikuwa chini kwa asilimia 19 kuliko ilivyotarajiwa. Utafiti mwingine wa mwaka huo katika BMJ Global Health, ulioongozwa na Ana-Catarina Pinho-Gomes, ulikuta kwamba wanawake walikuwa asilimia 34 ya waandishi wote wa makala za UVIKO-19, asilimia 29 ya waandishi wa kwanza na asilimia 26 ya waandishi wa mwisho.

Malezi yanaeleza sehemu tu ya jambo hilo. Makala za mwanzo za janga hazikuwa matunda ya utafiti mrefu. Nyingi zilikuwa maoni, barua na taarifa fupi, na ziliandikwa na watu waliokuwa na maabara, data na namba za simu za wahariri tayari. Dharura ilipofika, kazi iligawanywa kwa haraka miongoni mwa waliokuwa wakijuana.

Sababu zinazojadiliwa

Mwanahistoria wa sayansi Margaret Rossiter alitoa mwaka 1993 jina la "athari ya Matilda" kwa tabia ya kazi za wanasayansi wanawake kusahauliwa au kuhesabiwa kuwa za wanaume. Alilichukua kutoka kwa Matilda Joslyn Gage, mtetezi wa haki za wanawake wa karne ya 19 nchini Marekani. Jina hilo hutumiwa sana, ila halielezi tabia yenyewe inavyofanya kazi. Kwa hilo ushahidi bora unatoka Kanada.

Mwaka 2014 taasisi ya taifa ya Kanada inayogharimia utafiti wa afya iligawa ruzuku zake katika programu mbili. Katika ya kwanza, wahakiki walitakiwa kupima zaidi ubora wa utafiti uliopendekezwa. Katika ya pili, walitakiwa kupima zaidi mtafiti mwenyewe: historia yake, uongozi wake, mafanikio yake. Holly Witteman na wenzake walichambua maombi 23,918 ya miaka 2011 hadi 2016 na kuchapisha matokeo katika The Lancet mwaka 2019. Wahakiki walipopima utafiti, pengo la kufaulu kati ya wanaume na wanawake lilikuwa pointi 0.9 za asilimia. Walipompima mtu, lilifika pointi 4.0. Umri na eneo la utafiti vilizingatiwa katika hesabu hiyo. Maana yake ni kwamba kazi za wanawake hazikuonekana dhaifu kwa kiasi cha kueleza pengo. Wanawake wenyewe ndio waliopimwa chini kama viongozi. Na kwa kuwa ruzuku ndiyo inayomfanya mtu awe mwandishi wa mwisho, pengo la ruzuku hugeuka kuwa pengo la uandishi baada ya miaka michache.

Hata makala inapochapishwa, safari haijaisha. Mwaka 2019 BMJ ilichapisha utafiti wa Marc Lerchenmueller, Olav Sorenson na Anupam Jena kuhusu maneno ya kujisifu, kama vile "mpya" au "ya kipekee", katika vichwa na muhtasari wa makala za kitabibu zaidi ya 100,000. Makala ambazo waandishi wa kwanza na wa mwisho wote ni wanawake zilitumia maneno hayo kwa asilimia 12.3 pungufu. Nazo makala zenye maneno hayo zilinukuliwa na watafiti wengine kwa asilimia 9.4 zaidi. Baadhi ya waliosoma matokeo hayo walihitimisha kwamba wanawake wajifunze kujisifu. Ingewezekana vilevile kuhitimisha kwamba wahariri wafute maneno hayo, kwa kuwa kitu hakiwi kipya kwa kuitwa kipya.

Kuhusu kunukuliwa, Paula Chatterjee na Rachel Werner walionyesha mwaka 2021 katika JAMA Network Open kwamba makala zenye mwandishi wa kwanza mwanamke katika majarida makubwa zilinukuliwa mara 36 kwa wastani wa kati, dhidi ya mara 54 kwa zile za wanaume. Pale ambapo wa kwanza na wa mwisho wote walikuwa wanawake, ilikuwa mara 33 dhidi ya 59 za wanaume wawili. Majarida ni yaleyale na wahakiki ni wa kiwango kilekile.

Athari kwa wagonjwa

Yako madai kwamba suala zima ni ugomvi wa vyeo baina ya maprofesa na halimhusu mgonjwa. Mathias Nielsen na wenzake walilichunguza dai hilo mwaka 2017 kwa makala za tiba zaidi ya milioni 1.5, na Cassidy Sugimoto na wenzake mwaka 2019 kwa makala milioni 11.5 za miaka 1980 hadi 2016. Tafiti zote mbili zilikuta kwamba makala zenye wanawake katika nafasi za mbele huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutenganisha matokeo ya wanaume na ya wanawake. Uhusiano huo hauthibitishi sababu. Huenda wanawake huvutiwa na mada ambazo tayari zinahitaji utenganisho huo.

Hata hivyo hasara ya kutotenganisha inajulikana. Mwaka 1977 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilielekeza kwamba wanawake wenye uwezo wa kuzaa wasiingizwe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Agizo hilo lilibadilishwa mwaka 1993. Mwaka 2001 ofisi ya ukaguzi ya bunge la nchi hiyo iliripoti kwamba kati ya dawa 10 zilizoondolewa sokoni tangu 1997, 8 zilikuwa na hatari kubwa zaidi kwa wanawake. Nayo dawa ya usingizi iitwayo zolpidemu ilitumika kwa miaka 20 hivi kabla ya mamlaka kuagiza, mwaka 2013, kipimo cha kuanzia cha wanawake kipunguzwe kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu miili yao huiondoa polepole zaidi. Waliokunywa kipimo kamili usiku waliweza kuendesha gari asubuhi wakiwa bado na dawa nyingi damuni.

Afrika ya Mashariki

Barani Afrika pengo la jinsia hukutana na pengo lingine, la nchi. Bethany Hedt-Gauthier na wenzake walichambua makala 7,100 za utafiti wa afya uliofanywa Afrika kati ya 2014 na 2016. Asilimia 13.5 hazikuwa na mwandishi hata mmoja wa nchi iliyochunguzwa. Watafiti kutoka Marekani, Kanada au Ulaya waliposhiriki, nafasi za wenyeji zilipungua, hasa mwanzoni na mwishoni mwa orodha. Desturi hiyo huitwa utafiti wa parachuti: mtaalamu hushuka, huchukua data na kuondoka. Mwanamke wa Kiafrika katika mradi wa namna hiyo yuko nyuma mara mbili.

Mambo yanaweza kwenda vingine, na mfano uko Nairobi. Mwaka 2000 JAMA ilichapisha jaribio kuhusu akina mama 425 wenye virusi vya UKIMWI, ambamo baadhi walinyonyesha na wengine walitumia maziwa ya kopo. Kufikia miezi 24, watoto asilimia 36.7 wa kundi la kunyonya walikuwa wameambukizwa, dhidi ya asilimia 20.5 wa kundi la maziwa ya kopo. Mwandishi wa kwanza alikuwa Ruth Nduati, bingwa wa magonjwa ya watoto wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Majina 5 ya mwanzo yalikuwa ya wanawake, akiwemo pia Dorothy Mbori-Ngacha wa Kenya, na jina la mwisho lilikuwa la Joan Kreiss wa Marekani. Mwaka mmoja kabla, The Lancet ilichapisha jaribio la dawa ya nevirapini lililofanyika Kampala. Mwandishi wa kwanza alikuwa Laura Guay, Mmarekani, na wa pili Philippa Musoke, daktari wa watoto wa Uganda. Jina la mwisho lilikuwa la mwanamume Mmarekani, Brooks Jackson. Tafiti zote mbili zilitokana na ushirikiano wa miaka mingi, ambamo Waafrika walisomeshwa hadi ngazi za juu. Na zote mbili zilihusu akina mama na watoto, fani ambayo wanawake walikuwa wameshaingia kwa wingi.

Katika upasuaji safari ni ndefu zaidi. Hesabu ya Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini (COSECSA), chenye makao Arusha, ilikuta madaktari bingwa 1,690 katika eneo lote, sawa na 0.53 kwa kila watu 100,000. Wanawake walikuwa asilimia 9.1 kati yao. Hao wachache wana foleni ya wagonjwa mlangoni kutwa nzima. Kuwauliza kwa nini hawaandiki makala ni kama kumuuliza mwalimu wa wanafunzi 150 kwa nini hakuandika kitabu.

Ugumu wa kuhesabu

Tafiti nyingi kubwa hukisia jinsia kwa jina, kwa kutumia programu za kompyuta. Njia hiyo hushindwa majina yanapoandikwa kwa herufi za mwanzo tu. Hushindwa pia kwa majina ya Kichina yakiandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa sababu alama zinazotofautisha jina la kike na la kiume hupotea. Jean ni mwanamke huko London na mwanamume huko Bujumbura au Kigali. Andrea ni mwanamume nchini Italia. Nchini Rwanda na Burundi majina mengi, kama Uwimana au Ndayishimiye, hubebwa na watu wa jinsia zote mbili, na hali ni hiyohiyo kwa Amani au Imani ya Waswahili. Programu huwaweka watu hao katika kundi la "haijulikani", kisha kundi hilo huondolewa katika hesabu. Matokeo yake ni kwamba Afrika na Asia zinahesabiwa vibaya kuliko Ulaya, na njia hiyo haina nafasi kwa watu wasiojitambulisha kuwa wanawake wala wanaume. Filardo na wenzake walikwepa sehemu ya tatizo kwa kutafuta picha na kurasa za vyuo, kazi inayowezekana kwa makala elfu chache, si kwa milioni.

Hatua zilizochukuliwa

Mwaka 2014 ulianzishwa mfumo uitwao CRediT, unaoorodhesha majukumu 14 ya utafiti ili kila mwandishi atajwe kwa alichofanya, kuanzia kubuni wazo hadi kuandika. Majarida mengi yameukubali, ingawa kamati za kupandisha vyeo bado husoma kwanza majina ya mwanzo na ya mwisho. Mwaka 2019 The Lancet ilitoa toleo maalumu kuhusu wanawake katika sayansi na tiba, kisha majarida ya kundi hilo yakaahidi kutoshiriki majopo ya wanaume watupu. Mwaka huohuo Francis Collins, aliyekuwa mkurugenzi wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alitoa ahadi kama hiyo kwa upande wake.

Hatua iliyogusa fedha moja kwa moja ilichukuliwa Uingereza. Mpango wa Athena SWAN ulianzishwa huko mwaka 2005 kuvitunuku vyuo vinavyoboresha hali ya wanasayansi wanawake, nao kwa miaka kadhaa ulivutia vyuo vichache vya tiba. Mwaka 2011 Sally Davies, mganga mkuu wa serikali, alitangaza kwamba chuo cha tiba kisicho na tuzo ya fedha ya mpango huo hakitafikiriwa katika mgao ujao wa ruzuku kubwa za vituo vya utafiti. Vyuo vilikimbilia kuomba tuzo. Utafiti ulioongozwa na Pavel Ovseiko, uliochapishwa katika BMJ mwaka 2020, ulikuta kwamba baada ya tangazo hilo wanawake waliongezeka haraka katika uongozi wa ngazi ya kati wa vituo vilivyopata fedha hizo, yaani katika ngazi ambayo waandishi wa mwisho wa miaka inayofuata hutoka. Katika mwaka huohuo wa 2020 sharti hilo liliondolewa, kwa maelezo ya kupunguza urasimu, na tangu hapo vyuo vinaomba tuzo kwa hiari.